Anti Nijibu: Umri umeenda, masomo hayaingii, nifanyeje?

Safari hii barua nyingi zimeangukia jambo moja, watu wazima wanaotaka kujifunza kitu halafu wanakwama, mwingine kichwani, mwingine moyoni, mwingine kwenye ratiba tu. Nimechagua tano. Nimefundisha watu wazima muda mrefu na hakuna jambo napenda kuandikiwa kama hili, kwahiyo mtanivumilia pale nitakaporefusha.

"Shikamoo anti. Mimi ni mtunza stoo, nina miaka 47. Kazini wameondoa daftari wameleta mfumo wa kompyuta, wakatuletea kijana atufundishe siku mbili basi. Anabonyeza huku anabonyeza kule, 'mmeelewa?', wote tunaitikia ndiyo, nikirudi mezani kwangu sijui hata pa kuanzia. Wenzangu wadogo wameshashika. Naanza kuamini kweli samaki mkunje angali mbichi, mimi nimeshakauka. Hivi ubongo wa umri wangu bado unashika?"

Marahaba ndugu yangu. Unashika, na nakwambia hivyo bila kukubembeleza. Ule msemo wa samaki wazee wetu waliusemea malezi, mtoto afunzwe adabu mapema, hawakumsemea mtu mzima aliyeletewa mfumo mpya kazini, usiubebe ukajihukumu nao.

Hili swali lako limechunguzwa zamani sana. Mwaka 1928 mwanasaikolojia wa Marekani Edward Thorndike alitoa matokeo yake kuhusu watu wazima wanavyojifunza, na kipindi kile watu wengi waliamini ukishavuka ujana basi tena. Yeye akakuta uwezo wa kujifunza ukishafika kileleni kwenye miaka ya ishirini na kitu unashuka polepole mno, kama asilimia 1 hivi kwa mwaka. Halafu mwenzake waliyekuwa wakifanya kazi pamoja, Irving Lorge, akaona kitu ambacho kwako ni muhimu zaidi: majaribio yale yalikuwa ya kukimbizana na saa. Ukiondoa saa, tofauti ya mtu mzima na kijana inapungua sana. Sasa rudi kwenye mafunzo yenu ya siku mbili uangalie. Kilichokushinda pale ni mwendo, yaani mtu anabonyeza vitu kumi kabla hujaona cha kwanza kiko wapi.

Na kuna upande ambao wewe umewazidi hao wadogo. Mwanasaikolojia Raymond Cattell alitenganisha akili za aina mbili, ile ya kutegua haraka kitu kigeni kabisa, na ile inayotokana na maarifa uliyoyakusanya maishani. Ya kwanza ndo inayopungua na umri, ya pili inaendelea kujaa miaka mingi. Wewe unajua mzigo unavyoingia na kutoka, unajua ni wapi hesabu huwa zinapotea, kijana wa kompyuta hayo hayajui. Mfumo ule ni daftari lako limehamishwa nyumba tu.

Kama bado una wasiwasi na ubongo, chukua hii. Madereva teksi wa London ili wapate leseni lazima wakariri mitaa kama 25,000, inawachukua miaka mitatu minne hivi, na ni watu wazima. Mwaka 2011 watafiti Katherine Woollett na Eleanor Maguire walichapisha picha za ubongo zilizopigwa kabla ya masomo na baada yake, waliofaulu sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu za mahali ilikuwa imeongezeka, ambao hawakufaulu haikuongezeka. Ubongo wa mtu mzima unabadilika ukipewa kazi.

Sasa cha kufanya. Chukua ukurasa mmoja wa daftari lako la zamani, wa siku iliyokuwa na mambo mengi, mzigo uliingia, mwingine ukatoka, na kuna kitu kilirudishwa kwa sababu kilikuwa kimeharibika. Uliza kwanza kama mfumo wenu una sehemu ya mazoezi ili usivuruge hesabu za kweli, halafu ingiza huo ukurasa mstari kwa mstari. Kuingiza utaweza, kutoa utaweza, ukifika kwenye kile kilichorudishwa utakwama, na hapo ndo pa kumwita kijana, sio kabla. Akija mwambie kwa upole, naomba mausi nishike mimi, wewe niangalie tu. Hiyo moja tu itabadilisha kila kitu, maana mkono wako ndo unatakiwa ujue njia, macho yako yameshaona vya kutosha. Na akiuliza mmeelewa usiitikie ndiyo kwa sababu wengine wameitikia, wenzako nao wanaitikia kwa sababu yako.

"Habari anti. Nina miaka 29, nimejiandikisha kozi za onlaini mpaka aibu, ubunifu wa picha, kutengeneza tovuti, lugha, masoko. Wiki ya kwanza mzuka uko juu nakesha, wiki ya tatu hata kuifungua siwezi. Nikiangalia vidio za motisha napata nguvu siku moja. Nijiwekee zawadi kila nikimaliza somo? Au ndo mimi ni mvivu tu?"

Mvivu hakeshi, mdogo wangu, hilo tulitoe. Shida yako naiona kwenye mpangilio, unasubiri mzuka uje ndo usome, wakati mzuka wenyewe kwa mtu mzima mara nyingi unakuja ukiwa umeshaanza kuona kitu kinawezekana mikononi mwako. Vidio za motisha zinakupa hisia ya kwamba umefanya, na bado hujafanya.

Ngoja nikuulize kitu kimoja. Katika kozi zote hizo ulizozitaja, ipo hata moja ambayo kuna mtu anasubiri matokeo yake? Sio cheti, namaanisha mtu anasubiri tangazo, tovuti, barua, chochote. Umetaja kozi, hujataja kazi, na hapo kwangu ndo penye shida. Malcolm Knowles, Mmarekani ambaye wengi wetu tunaofundisha watu wazima tumepitia mikononi mwa mawazo yake, alisisitiza sana kuanzia miaka ya 1970 kwamba mtoto anaweza kusoma kitu kwa ajili ya baadaye kwa sababu ameambiwa, mtu mzima anataka kujua kwanza hiki ni cha nini, na anataka akitumie karibuni. Wewe umejipa masomo ya "itanisaidia siku moja". Siku moja haina nguvu ya kukuamsha.

Ila sitaki useme kila kitu lazima kiwe na faida ya hela. Mwaka 1961 mtafiti wa elimu ya watu wazima Cyril Houle aliandika kuhusu watu wazima 22 aliowahoji, watu ambao walikuwa hawaachi kujifunza, akakuta wako wa namna tatu. Wapo wanaosoma kwa sababu ya lengo fulani wanalolifuata, wapo wanaokuja kwa ajili ya watu na kushiriki, yaani darasa lenyewe ndo raha yao, na wapo wanaopenda kujua tu, wakikaa bila kujifunza wanaumwa. Jiangalie wewe uko wapi, hata kama umechanganya. Kama wewe ni wa watu, kozi ya kukaa peke yako na simu usiku itakushinda kila siku, na haimaanishi huna nidhamu, tafuta hata mtu mmoja msome naye mkosoane. Kama wewe ni wa lengo, chagua kazi kwanza halafu kozi ifuate.

Kuhusu zawadi, hapo nenda taratibu. Mwanasaikolojia Edward Deci mwaka 1971 aliwapa wanafunzi wa chuo mafumbo ya vipande vya kupanga, mafumbo matamu mtu anacheza mwenyewe. Kundi moja likalipwa kila fumbo kwa muda, halafu malipo yakaondolewa. Walipoachwa peke yao chumbani wafanye wanachotaka, waliowahi kulipwa wakapunguza kuyagusa, wenzao ambao hawakulipwa hawakupungua hivyo. Yaani malipo yanaweza kukubadilishia kitu ulichokuwa unakipenda kikawa kibarua. Deci na mwenzake Richard Ryan wakaja kujenga juu ya hapo kwamba mtu anaendelea na jambo akiwa na vitu vitatu: amechagua mwenyewe, anaona anaweza na anazidi kuweza, na kuna watu anaohusiana nao katika hilo jambo. Mimi nikipata barua kama yako huwa natafuta ni kipi kati ya hivyo vitatu hakipo, na kwako kuchagua umechagua, hata umezidisha, kinachokosekana ni hivyo viwili vingine.

Sasa kukesha. Hili nataka ulisome polepole maana ndo linalowamaliza watu wenye bidii. Uingereza miaka ya 1970 shirika la posta lilitaka wafanyakazi wake wajifunze kuchapa kwenye kibodi, na watafiti Alan Baddeley na D. J. A. Longman wakawagawa, wengine saa 1 kwa siku, wengine saa 2, wengine mpaka saa 4 kwa siku. Matokeo yao ya 1978 ni kwamba wale wa saa moja moja walijifunza kwa saa 55 kile ambacho wa saa nne kwa siku walihitaji saa 80. Lakini unajua nani aliyelalamika? Hao hao wa saa moja. Walijiona wako nyuma, kwa sababu wenzao kwa siku za kalenda walikuwa wanawatangulia. Waliokuwa wanajifunza vizuri zaidi ndo waliokuwa hawaridhiki na utaratibu wao! Kwahiyo ile hali ya kuona unakwenda pole usiichukulie kama ushahidi kwamba hujifunzi, na ule utamu wa kumaliza masomo sita usiku mmoja usiuamini sana, ukija kupima wiki ijayo utakuta vingi vimeshatoka.

Na kuacha siku moja pia msiogope jamani. Phillippa Lally na wenzake pale University College London walifuatilia watu 96 waliokuwa wanajijengea tabia mpya ndogo ya kila siku, wastani ilichukua siku 66 tabia kuwa ya kujiendea yenyewe, ila wapo wa siku 18 na wapo ambao hesabu ilifika 254, na kukosa siku moja hakukuharibu kitu cha maana. Anayesema siku 21 kila mtu tayari usimsikilize.

Kwahiyo fanya hivi. Kozi zote funga ubaki na moja, nadhani ubunifu wa picha maana umeutaja wa kwanza. Tafuta mtu unayemfahamu mwenye shughuli inayohitaji tangazo, mwambie nitakutengenezea, mpangiane tarehe. Halafu fungua kozi utafute somo linalohusu tatizo la leo tu, maandishi hayasomeki juu ya picha, nenda kwenye somo la maandishi, hata kama ni la kumi na moja na wewe uko la tatu. Kozi sio ngazi, unaruhusiwa kuruka. Muda wa kusoma uweke baada ya kitu ambacho tayari unakifanya kila siku, nikishaoga jioni nafungua, dakika arobaini, nafunga hata kama bado nina hamu. Ukipata ulichokitaka kozi ikabaki nusu, iache bila dhambi, ulikuja kuchukua ujuzi na umeuchukua.

"Anti nina mtihani wa bodi ya taaluma yangu, nasoma notsi mara nne tano, nimepaka rangi kitabu kizima, kwenye mtihani vinapotea. Tatizo nini?"

Tatizo ni kusoma mara nne tano. Wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke mwaka 2006 walifanya hivi: kundi moja likasoma maandishi mara nne, lingine likasoma mara moja tu halafu likajaribu kuandika linachokumbuka mara tatu bila kuangalia. Baada ya dakika 5 waliorudiarudia kusoma waliongoza, asilimia 83 kwa 71. Baada ya wiki moja imegeuka, waliojipima 61, waliosoma tu 40. Na waliorudia kusoma ndo waliokuwa na uhakika zaidi kwamba watakumbuka. Macho yakishazoea ukurasa yanakudanganya umeujua.

Soma mara moja, funga, chukua karatasi tupu andika kila kitu unachokumbuka, fungua uone ulichoacha, hicho tu ndo ukirudie. Kesho kutwa fanya tena bila kufungua kwanza. Itauma kidogo na utajiona hujui, endelea hivyohivyo. Na hiyo kalamu ya rangi weka pembeni.

"Mwanangu, nina miaka 68, nimestaafu. Wajukuu zangu wamezaliwa ughaibuni wanaongea Kifaransa, Kiswahili chao ni cha kuokota. Nataka nijifunze niongee nao kwenye simu kabla sijafa, wanangu wanacheka wanasema baba pumzika. Je nijisumbue?"

Shikamoo mzee wangu. Jisumbue, tena leo. Sababu yako ni nzito kuliko za wote walioniandikia humu, na wewe hujaniuliza motisha unaipata wapi kwa sababu unayo.

Nitakwambia ukweli wa pande mbili. Watafiti wa Ujerumani waliwafundisha watu wa umri wa kama miaka 60 kurusha na kudaka mipira mitatu mfululizo, matokeo yakachapishwa 2008, ubongo wao ulionyesha kuongezeka sehemu zinazohusika kama ilivyoonekana kwa vijana miaka minne kabla, ila waliofikia kiwango cha juu walikuwa wachache kuliko vijana. Maana yake itaingia, ila itachukua muda wake, na matamshi huenda yakabaki na lafudhi ya nyumbani. Wajukuu hawatajali lafudhi.

Usianze na kitabu cha sarufi mzee. Anza na maneno ambayo utayatumia simu ya kesho: umekula nini, shuleni imekuwaje, nani amekuudhi, nimekumiss. Sentensi chache kwa wiki, uzisikie zikitamkwa taratibu na kwa sauti ya juu kama masikio yameanza kuchoka, uzitamke mpaka zitoke zenyewe. Na hao wajukuu wafanye walimu wako. Mjukuu akikusahihisha mshukuru, mwambie arudie, na wewe umpe neno moja la Kiswahili abaki nalo. Wakikucheka wao cheka nao. Wanao wakicheka, waombe wakupangie simu ya kila wiki saa ileile, wawe na kazi ya kufanya.

"Anti mimi nafundisha darasa la jioni la watu wazima, kusoma, kuandika na hesabu. Mwanzo darasa linajaa, mwezi wa pili viti vitupu. Nafundisha kwa moyo wote kweli. Wanakosa motisha au nakosa mimi?"

Mwalimu mwenzangu, pole na asante kwa kazi hiyo. Neno motisha tuliweke kando kidogo, maana tukishasema hawana motisha tumewatupia wao lawama na mjadala umeisha. Mtafiti wa elimu Patricia Cross mwaka 1981 alizipanga sababu zinazomzuia mtu mzima katika mafungu matatu, za hali yake ya maisha, mtoto anaumwa, zamu kazini, hela. Za taasisi yenyewe, saa ya kipindi, umbali, mafomu. Na za moyoni, mimi sio wa shule, nimezeeka, nitachekwa. Hizo za moyoni watu hawazisemi. Watakwambia nilibanwa na kazi, wakati ukweli ni kwamba wiki iliyopita ulimwinua mtu asome ubaoni akashindwa mbele ya jirani yake anayemheshimu. Naomba ulifikirie hilo kwa makini, sikushutumu, ila kwa uzoefu wangu viti vingi vinaanza kuwa vitupu siku ya namna hiyo. Mtu mzima ana jina lake huko nje, ni baba, ni mama, ni kiongozi wa kikundi, darasani unaweza kumvua yote kwa dakika moja bila kukusudia.

La pili, unawafundisha nini siku ya kwanza? Kama ni a e i o u mpaka mwezi uishe, hapo ndo wanapopungukia. Mwalimu Paulo Freire kule Angicos, Brazil, mwaka 1963, alikuwa na wafanyakazi wapatao 300 wa kuwafundisha kusoma na kuandika, na masomo yalikuwa ya kama saa 40. Maneno ya kuanzia hayakutoka kwenye kitabu, waliyatoa kwenye mazungumzo ya watu wenyewe, mfano tofali. Kwanza wanaongea, nani anafyatua, nani anajenga, nyumba inakuwa ya nani, halafu neno linaandikwa, linakatwa silabi, kwa silabi hizo wanaunda maneno mengine wao wenyewe. Jioni ileile mtu anaondoka ameandika kitu. Wewe waulize wiki hii kila mmoja ni karatasi gani ilimpita mkononi akashindwa kuisoma, wataleta ujumbe wa simu, maelekezo ya dawa, stakabadhi, mkataba wa kupanga. Hesabu zifanyeni kwenye hizo stakabadhi. Hakikisha hakuna anayetoka mlangoni bila kitu kimoja anachokiweza leo ambacho jana hakukiweza, hata kidogo, hata saini yake.

Wagawe wawili wawili wasome kwa kusikilizana kabla ya mtu yeyote kusoma kwa sauti mbele ya wote, na anayesoma mbele awe amejitolea. Saa ya kipindi waulize wao, usiwaletee imeshapangwa, nimeona madarasa yakipona kwa kusogeza nusu saa tu kwa sababu akina mama walikuwa hawajamaliza kulaza watoto. Na chagua watu wawili wa darasani wawe wa kufuatilia wenzao. Mtu akikosa vipindi viwili apigiwe simu siku hiyohiyo, asiulizwe kwa nini hukuja, aambiwe tumefika wapi na kwamba kuna mtu atakaa naye robo saa kabla ya kipindi amwelekeze palipompita.